Sababu ya Nne ya Rufaa

"Hii namba nne imetoka wapi?"

Wakili hakunisalimia. Nilikuwa dukani, simu nimeibana begani, mikono inalisha karatasi kwenye mashine ya kopi. Nikamwambia mume wangu alisahau, nikamwongezea mimi.

"Alisahau nini?"

"Kusema hakutenda kosa."

Kazi yangu ni kuchapa. Barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, rufaa za watu. Wakili aliponiletea karatasi alizoandika mume wangu kwa mkono gerezani, nilizichapa bure, kwa mapenzi yote. Sababu zilikuwa tatu. Moja, miaka kumi na miwili kwa kuuza dawa za kulevya ni mingi mno. Mbili, miaka minane kwa kukutwa na bastola ni mingi mno. Tatu, vifungo hivyo kufuatana, kimoja kiishe ndipo kingine kianze, mpaka vikafika miaka ishirini, ni ukali uliopitiliza.

Nikageuza karatasi. Nikakung'uta bahasha. Lile neno kubwa kuliko yote halimo. Nikasema maskini, jela imemchosha akili, nikamwekea namba nne: "Kwamba mrufani hakutenda makosa hayo, bali alibambikiwa."

"Hakusahau, mama," wakili akasema, sauti imeshuka. "Mumeo hapingi kutiwa hatiani. Analalamikia ukali wa adhabu tu. Nilidhani mmeshazungumza."

Mashine ikaendelea kutoa kopi. Nilikuja kushtuka imetoa arobaini, na mteja alitaka nne.

Mume wangu ni fundi wa mafriji. Polisi walikuta vifurushi ndani ya friji bovu karakanani kwake, na bastola chini ya spana. Siku ile alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniapia kwamba ni mtu alimwekea. Nikalibeba neno lake miaka mitatu. Nilimkingia kifua mtaani, kwa majirani, kwa wateja. Dada yangu mkubwa, muuguzi, aliyenilea tangu mama afariki, aliniambia mara moja tu: "Mdogo wangu, friji bovu halikai karakana mwaka mzima bila mwenyewe kuliulizia." Nikamwambia asikanyage tena kwangu, naye hakukanyaga. Mwaka jana niliugua homa siku tano, nikawa najiwekea mwenyewe kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na dada muuguzi ninaye mitaa miwili tu kutoka hapo. Jeuri hiyo yote nilimfanyia nani?

Jumamosi nikaenda gerezani. Kuna kioo katikati na simu ya kuongelea. Akaja anatabasamu.

"Vidole," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya kuchapa.

"Namba nne nimeifuta."

Tabasamu likamtoka. Hakuuliza namba nne gani, wakili alishamwambia.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Mwaka wa kumi na tano?"

"Nilijua ukijua utaondoka."

"Kwa hiyo ukaona bora nibaki bila kujua." Nikabadilisha simu sikio. "Ule mzigo ulikuwa wako?"

"Wangu."

"Na bastola?"

"Yangu. Lakini sijawahi kuifyatua."

"Hilo sikukuuliza."

Akaanza kunibembeleza. Wakili anataka nile kiapo kwamba yeye, mume wangu, ni mtu mwaminifu, eti jaji akisikia kwa mke atalainika. Nikamwambia kiapo hicho siapi, ila mahakamani nitakuja, maana miaka ishirini ni mingi hata kwa mwongo. Lakini na mimi nilikuwa na ombi langu.

"Siku hiyo useme mbele za watu kwamba ulinidanganya. Mtaani wanasema nilijua."

"Vidole, niliapa kule mahakama ya chini kwamba nilibambikiwa. Nikisema leo kwamba ule ulikuwa uongo, jaji anaweza kunimaliza hapo hapo. Wakili kaniambia ninyamaze."

"Basi nyamaza. Na mimi sitakuja tena."

Nikarudisha simu mahali pake kabla muda haujaisha. Wiki sita zilizofuata sikuongea na mtu yeyote jambo lisilohusu karatasi. Nilikuwa nimezoea kumlilia mtu aliyeonewa. Sasa hata wa kumlilia sina, na nyumba ikawa kubwa ghafla. Kisha ujumbe wa wakili ukaingia: "Rufaa ni Jumanne saa tatu. Anauliza kama utakuja." Sikujibu. Jumanne nilivaa, nikavua, nikavaa tena.

Mahakamani wakili aliongea vizuri. Alipomaliza, jaji, mama mmoja wa makamo, akauliza kama mrufani ana la kuongeza. Wakili akatikisa kichwa. Mume wangu akasimama.

"Mheshimiwa, mke wangu yule pale amekosana na watu wake kwa kusema sikufanya. Nilifanya. Niliidanganya mahakama na yeye nikamdanganya. Hakujua chochote. Naomba iandikwe."

Wakili akafumba macho. Mimi nilitaka kukimbia nikamkalishe chini kwa nguvu. Nilimpenda wakati ule, na kule kumpenda kuliniuma.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Akasema kuidanganya mahakama si jambo dogo, kwa hiyo hatapunguza hata siku moja katika ile kumi na miwili, wala katika ile minane. Lakini makosa yote yalitokana na upekuzi mmoja, siku moja, basi vifungo vyote viwili vitakwenda kwa pamoja. Jumla kumi na miwili. Ameshakaa mitatu.

Kwenye korido, mume wangu akiwa na pingu mikononi, askari akaturuhusu dakika moja.

"Wakili anasema ningenyamaza, huenda ningepata kumi," akaniambia.

"Unajuta?"

"Niulize mwaka wa kumi na moja." Nikacheka bila kutaka. "Utakuja Jumamosi?"

"Nitakuja. Ila sasa nakuja kumwona mfungwa. Yule aliyeonewa sitamwona tena, na sijui kama huyu nitamsubiri miaka tisa."

"Njoo tu," akasema. Wakamchukua.

Nikakaa kwenye benchi hadi korido ikabaki tupu. Namba ya dada nilishaifuta zamani, lakini naijua kwa kichwa.

"Dada."

Nikasikia anafunga mlango wa mahali alipokuwa.

"Alifanya," nikasema. "Kasema mwenyewe mbele ya jaji."

Nikakaza roho, nikisubiri aniambie si nilikwambia. Nilistahili kuambiwa.

"Umekula?" akaniuliza.