Mwizi Aliyefuta Kalibu

Kalibu ya kuundia vipuri ilikuwa wazi juu ya meza, tupu, inang'aa kama sahani iliyolambwa. Mfuko wa plastiki ulioifunika ulikuwa umechanwa, na pampu ilikuwa bado inanguruma, inafyonza hewa ya bure.

"Bomba la nyuzi za kaboni," alisema Fundi Rula, mikono kiunoni. "La kuingizia hewa kwenye injini ya gari la dada yangu. Mashindano ni keshokutwa. Nimetoka kula mchana, narudi, halipo."

Alipoonyeshwa kitambulisho cha Inspekta, alikishika kwa urefu wa mkono mzima, kama kinang'ata, akakirudisha. Waliomwita Rula walisema macho yake hayahitaji rula.

"Unamshuku nani?"

"Mimi simtaji mtu, afande." Akamtaja. "Ila shemeji ana ufunguo wa akiba. Na jana aliapa pale getini, watu wanasikia, kwamba mkewe hashindani tena."

Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, pingu mikononi, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Konstebo alimkuta humo ndani. Mkewe, dereva mwenyewe, alisimama hatua tatu kutoka kwake, na hatua hizo zilikuwa ndefu.

"Nilikuja kurudisha jeki, basi. Mke wangu, sema kitu."

"Niseme nini? Kama ni wewe, usirudi nyumbani. Nguo zako nitakutumia."

Inspekta aliinamia kalibu. Ilinuka dawa ya kusafishia. Imefutwa hadi kwenye kona.

"Mwizi mstaarabu huyu. Kala, kaosha na vyombo."

Konstebo alicheka. Rula hakucheka. Inspekta akaliweka hilo kichwani.

Kando ya mizani palikuwa na kikombe cha karatasi chenye gundi.

"Na hiki?"

"Mabaki ya gundi niliyopakia kitambaa cha kaboni. Ya kikombe ikiganda, najua na ya kalibu imeganda."

"Ulichanganya lini?"

"Jana asubuhi. Ikifika jioni inakuwa jiwe."

Inspekta alichovya kidole. Kikatoka kikivuta uzi mrefu.

"Jiwe lako linanata, fundi. Basi na bomba lilikuwa tambara bichi. Mwizi alitaka tambara la nini?"

"Labda ni baridi, afande."

"Baridi?" Konstebo alijipangusa jasho.

"Nipimie dawa ya kugandishia gundi," Inspekta alisema. "Gramu thelathini, kama jana."

Rula alimimina. Akarudisha kichwa nyuma, akafinya macho, akasita, akaacha.

"Thelathini hiyo."

Inspekta alisoma kioo cha mizani: 3.0.

"Ni tatu, fundi. Hapo katikati kuna nukta."

Dada mtu alijiziba mdomo.

"Bomba liko wapi?"

Rula aliketi juu ya ndoo. "Kwenye pipa la vumbi la msasa. Nilifungua leo asubuhi, nikakuta linanata kila mahali, nikalitupa, nikafuta kalibu. Miezi sasa naona ukungu tu. Ningesema nini? Mtu anaitwa Rula, halafu hajui tatu na thelathini! Nani angeniachia injini yake? Hata wewe dada ungetafuta fundi mwingine."

"Kwa hiyo mimi ndiye nikalale rumande?" Shemeji aliruka na kiti chake.

"Nilidhani watakuachia jioni."

"Ulidhani!"

Konstebo alifungua pingu.

"Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa," alisema Inspekta. "Kesho saa mbili, kituoni, uandike maelezo. Na uje na mtu wa kukusomea."

Dada mtu alizimaliza zile hatua tatu, akashika mkono wa mumewe pale pingu zilipoacha alama. "Nisamehe."

"Na nguo zangu?"

"Ziko kabatini."

Shemeji alivua miwani yake. Akamvika Rula kwa nguvu, kama anayemtia punda hatamu.

"Pima upya. Bomba likipasuka mke wangu yumo, safari hii nitakamatwa kwa haki."

Rula alisoma mizani. Akaisoma tena. Kisha akamgeukia dada yake, akamkodolea macho kichwani.

"Dada, mvi hizo zimeanza lini?"

"Mwaka wa pili huu. Nilidhani huzitaji kwa kunistahi."