Nywele za Marehemu

Miaka ile misafara ya bara ilipojaza mitaa ya Bagamoyo, Ashatu aliishi na mama yake, Ashura. Asubuhi Ashatu alichota maji. Mama yake alikuna nazi. Alasiri wasichana wa mtaa walikaa barazani, wakisukwa na mama zao.

Ashatu hakusukwa na mama yake. Nywele zake zilikuwa za mawimbi, kama za marehemu bibi yake.

"Nisuke, mama."

"Nenda kwa jirani. Nikizishika nywele hizo, namwona marehemu."

Maneno hayo yalimchoma. Mtoto anataka mkono wa mama kichwani, basi. Akaamua kuzinyoosha ziwe za singa, zisifanane na za mtu aliye kaburini.

Nyumba ya pili alikaa Mwinyijuma, mtengeneza ngoma, na mkewe Bi Fatu. Uani kwao ngozi za mbuzi zilipakwa uji mweupe. Ashatu aliona manyoya yamelala, yamenyooka sawasawa. "Dawa ndiyo hii," akawaza. Akachota uji ule kwa kifuu cha nazi, akaenda kujipaka kichwani, asimwambie mtu.

Ndipo mambo yakaanza. Asubuhi nywele zilikutwa kwenye mto. Kisha zikakutwa mlangoni, na nyingine zimezunguka mtungi wa maji. Chanuo cha marehemu, kilichotundikwa ukutani tangu msiba, kikakutwa chini. Kilikuwa kimejaa nywele za mawimbi. Ashatu hakuwa amekigusa.

Ashura alifukiza ubani nyumba nzima.

"Marehemu anachukua nywele zake," alisema. "Zikiisha, atataka na kichwa."

Ashatu alijikuna chini ya ushungi. Ngozi ya kichwa ilimwaka moto. Aliliogopa kaburi, lakini aliogopa zaidi kusema kweli. Akajipaka tena, maana zilizobaki bado zilikuwa na mawimbi.

Asubuhi hiyo hiyo Bi Fatu akaja kuwajulia hali.

"Shikamoo, Bi Fatu."

"Marahaba, mwanangu. Sogea." Akamfunua ushungi, akanusa. Uso ukambadilika. "Umepaka nini?"

Ashatu akauvuta ushungi ajifunike tena.

"Mficha uchi hazai, Ashatu. Sema."

Ashatu akalia, akasema yote.

"Lo! Ule ni uji wa chokaa na majivu. Mume wangu huupaka ngozi ili manyoya yang'oke. Kwanza yanalala, kisha yanatoka. Wewe uliyaona yamelala, hukungoja uone mwisho wake! Ungekuingia machoni, ungepofuka."

"Basi siye marehemu?" Ashura aliuliza.

"Nywele ni nyepesi, dada. Upepo na miguu huzitawanya."

"Na chanuo?"

Bi Fatu alitazama ukutani. Akaagiza maji.

Walikiosha kichwa kwa maji mengi, tena na tena.

"Msipake kitu mpaka vidonda vipone," Bi Fatu alisema. "Baadaye, mafuta ya nazi. Uzichane zikiwa na majimaji, uanzie nchani. Ukiyapenda mawimbi, yaache. Ukitaka zinyooke siku ya sherehe, zivute kwa uzi. Ukichoka, unafungua. Kichwa ni chako, lakini usikichune kama mbuzi."

"Singa ulizitakia nini?" Ashura alimuuliza mwanawe.

"Ili unisuke, mama."



Vidonda vilipona. Nywele zikaota upya, laini, za mawimbi yale yale. Alasiri moja Ashatu alikitungua chanuo cha bibi, akaketi miguuni pa mama yake.

Ashura alikishika. Mara ya mwisho kusuka nywele za namna hii, alikuwa akimwandaa marehemu kwa sanda. Kichwa kile kilikuwa baridi. Akaingiza vidole polepole.

"Kina joto," akanong'ona.

"Nini, mama?"

"Kichwa chako, mwanangu. Kaa sawa nikusuke."

Alisuka mpaka jua likazama, kisha akakirudisha chanuo ukutani. Hakikuanguka tena.