Anayesubiriwa

Simu ya Jacob iliita tena pale mezani, pembeni ya kompyuta, na safari hii Elinipendo akaipokea.

Mwenyewe alikuwa kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, anakata majani ya ng'ombe. Namba ilikuwa ya nje, na Elinipendo alidhani ni wa kazini, ile kampuni ya kigeni iliyowaajiri wote wawili kuchambua sentensi za Kiukraini na Kirusi ili kompyuta zijifunze lugha hizo. Hiki kiima, hii yambwa, kitenzi hiki kimekamilika, kile bado. Wote walisomea Kharkiv, wakarudi vita vilipoanza. Sasa walifanyia kazi sebuleni kwa mama yake Jacob, Machame, na Jumamosi walikuwa wanafunga ndoa.

Sauti ya mama mtu mzima ilikuwa inalia kwa Kiukraini. Mtandao ulikatakata. Katika yote aliyosema, maneno matatu tu yalifika mazima.

"Yakova chekaye Halina."

Kisha simu ikakatika.

Halina alikuwa mke wa Jacob. Nesi. Waliandikisha ndoa huko huko, na vita vilipofika alikataa kuwaacha wagonjwa wake. Hospitali ikapigwa bomu, akafia humo, na Jacob akavuka mpaka peke yake. Ndivyo alivyomsimulia Elinipendo, na ndivyo alivyoapa mbele ya mchungaji alipoulizwa cheti cha kifo.

Elinipendo alikaa na simu mapajani mpaka Jacob alipotua mzigo wa majani nje na kuingia akijipangusa shingo.

"Pendo, mbona umepoa hivyo?"

"Mama yake Halina amepiga."

Jacob alivuta kiti, asikikalie.

"Amesema nini?"

"Yakova chekaye Halina."

"Ah." Akashusha pumzi. "Maskini yule mama. Jacob anamsubiri Halina. Ndiyo maneno yake siku zote, anadhani bado namsubiri mwanawe. Akili zimemruka tangu msiba."

"Hebu rudia jina lako alivyolitamka."

"Pendo, tuna mambo mengi wiki hii."

"Rudia."

Jacob aligeukia dirisha.

"Ungekuwa wewe ndiye unayesubiri, angesema Yakiv, ndilo jina lako kwa Kiukraini," Elinipendo alisema taratibu. "Amesema Yakova. Kwao neno linaweza kukaa popote, mwisho wa jina ndio unaoonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Kazi hiyo tunaifanya kila siku, Jacob, mimi na wewe, kwenye meza hii. Halina ndiye anayesubiri. Na wafu hawasubiri."

Jacob akakaa. Alitazama mikono yake iliyochafuka utomvu wa migomba.

"Yuko Poland," alisema. "Walimtoa kwenye kifusi. Amekatwa mguu. Muda mrefu hakuwa anajitambua."

"Umejua lini?"

"Pasaka."

"Posa umeleta kwetu Juni."

"Ndiyo."

"Ulikaa mbele ya baba yangu ukijua mkeo yuko hai."

"Pendo, nilimlilia. Mungu shahidi, nilimlilia mpaka nikaisha. Halafu ukaja wewe, nikaanza kula tena, nikaanza kulala. Simu ile ya Pasaka ilipokuja nikajua nikimjibu itabidi niende, na nikienda nimekupoteza. Basi sikumjibu."

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi."

"Wakati huo mimi ningekuwa nani kwako?"

Elinipendo alifunga kompyuta, akachukua mtandio wake.

"Utakwenda kwake?"

"Siwezi. Nitamtazamaje? Nimeapa kanisani kwamba amekufa. Simtaki tena, Pendo, na yeye hana kosa lolote. Nikae na nani anielewe?"

Elinipendo aliondoka bila kumuaga mama mkwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Usiku kucha simu yake ilikuwa inaingiza meseji.

"Pendo nisamehe."

"Nitaandika talaka niitume."

"Usimwambie mchungaji kwanza. Nakuomba."

Ile ya mwisho ndiyo iliyomfanya ainuke kitandani. Aliijibu kwa sentensi moja: "Nimeshampigia."

Asubuhi, Jacob alifika kwa kina Elinipendo, Old Moshi, akiwa na jani la sale mkononi. Alisimama uani, akalinyoosha kwake kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hilo hata watoto wanalijua. Elinipendo alilitazama jani, akamtazama mwanaume aliyempenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri, macho mekundu, shati la jana. Akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema.

Uso wa Jacob ukafunguka kidogo.

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Hakuna Jumamosi. Mchungaji ameshaifuta. Nimekusamehe, Jacob, lakini siwezi kuolewa na mume wa mtu anayejifunza kutembea kwa mguu mmoja huku akikuulizia."

"Basi niende wapi?"

"Sijui. Kweli sijui. Ningejua ningekuambia."

"Na wewe?"

"Mimi nakupenda. Hiyo haitusaidii kitu."

Mlango wa jikoni ukafunguliwa, mama yake Elinipendo akatoka akijifuta mikono kwenye khanga, uso umejaa furaha. Bado hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba harusi imefutwa.

"Shikamoo mama," Jacob alisema.

"Marahaba mwanangu. Mmesimama nje na baridi hii? Mashangazi wa Rombo wameshafika, wanataka kumwona bwana harusi. Mtori uko tayari, ingia ule."

Jacob alimtazama Elinipendo. Elinipendo aliinamisha macho.

"Asante mama," Jacob akasema, akavua viatu mlangoni.

Elinipendo alibaki uani. Kutoka ndani alisikia mashangazi wakipiga vigelegele, na sauti ya Jacob ikiwaamkia mmoja mmoja.