Betri ya Mwalimu Cuthbert

Pikipiki ya umeme ilikuwa imesimama barazani kwa Mwalimu Cuthbert, kijijini Chilangala, nzima kama ilivyonunuliwa, ila tumboni hamna kitu. Mwizi alikuwa ameondoka na betri.

"Shikamoo, Mwalimu. Injini wameiacha?" aliuliza Inspekta Scholastika, aliyetoka kituoni Newala.

"Marahaba. Hii haina injini, afande. Ina mota."

Inspekta akameza mate. Mtu kaibiwa, na bado anasahihisha! Kijiwe kizima cha bodaboda kilimkimbia mstaafu huyu kwa ugonjwa huo huo. Ukisema pikipiki yake inajazwa, anakukatiza: inachajiwa.

Inspekta alikagua eneo la tukio. Alama za vidole zilikuwepo, zimekolea unga wa salfa, lakini msimu huu wa kupulizia mikorosho nani hana salfa vidoleni? Kilichomshangaza ni usafi wa kazi. Swichi kuu ilikuwa imezimwa kwanza. Plagi haikuvunjwa, na ilikuwa imefungwa nailoni vumbi lisiingie.

"Nani anajua kufanya hivi?"

"Niliwafundisha wote kijiweni. Hakuna aliyesikiliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Inspekta. Akaenda kijiweni, akamwuliza kila dereva swali moja: ungeitoaje betri ile?

"Naing'oa tu," alisema Gasper.

"Nakata waya," alisema Ashiru.

Wa tatu, Tahiri, alifikiri kidogo. "Unazima swichi kuu. Halafu plagi, unaichomoa na kuifunika..." Uso ukamshuka.

"Betri iko wapi, Tahiri?"

"Uvunguni kwangu. Nimeifunga kwa kanga ya mke wangu. Haina hata mkwaruzo."

Kituoni alionywa kwamba ana haki ya kunyamaza. Hakuitaka.

"Sikuiba niuze, afande. Siku mwanangu anatoka jandoni, baba mkwe aliniuliza pikipiki ile inakwendaje. Nikamwambia ina tangi la umeme. Mwalimu akacheka mbele ya wakwe zangu, akasema hata mbuzi angekuwa ameshaelewa. Tangu hapo baba mkwe akiwa na neno nami, humpitishia mke wangu. Na ni mimi peke yangu niliyekuwa namsikiliza yule mzee. Nilitaka atembee kwa miguu, naye aone aibu."

Mwalimu, aliyeitwa kutambua mali yake, alisikia yote. Midomo ilimcheza, lakini hakusahihisha kitu. Inspekta alimwonea huruma, na Tahiri akamwonea zaidi.

"Afande, nafuta kesi."

"Jalada limeshafunguliwa, Mwalimu. Uamuzi si wangu, ila nitaandika ulivyosema."

"Basi mimi naenda kwa wakwe zake leo."

Tahiri akainua kichwa. "Kuwaambia nimeiba?"

"Kuwaambia nilikukosea mbele yao, na mbele yao nikuombe radhi. Ingefaa uwepo, mwanangu."

"Atakuwepo," alisema Inspekta, "akipata wa kumdhamini."

Mwalimu akavaa miwani, akauliza atie saini wapi.