Kufuli la Zamani la Mama Pacha

"Umenifungia barua makusudi!" Mama Pacha alifoka mlangoni kwa jirani yake, tepu ya ushonaji ikimning'inia shingoni. "Daktari anataka majibu ya vipimo vya mwanangu leo mchana, la sivyo upasuaji unaahirishwa. Nami kila nikijaribu, kompyuta inasema sina ufunguo!"

"Nikufungie ili nipate nini?" alijibu mama yake Chapuchapu, mpimaji wa maabara. "Mdomo huo ungekuwa cherehani, ungeshona mtaa mzima!"

"Na elimu yako ingekuwa chumvi, isingekoleza hata mchuzi!"

Madirisha ya majirani yalifunguka. Nani akubali kupitwa na uhondo? Chapuchapu alijibanza nyuma ya pazia. Jana mama yake alimwachia atume barua pepe ile ya majibu. Programu ya barua hutazama anwani ya mpokeaji, kisha hutafuta kufuli lake la kufungia ujumbe. Ufunguo hubaki kwa mpokeaji mwenyewe. Safari hii ilikuta makufuli mawili kwenye anwani moja, ikauliza litumike lipi. Wenzake walikuwa wanamwita nje wakacheze. Akabonyeza la juu, akatoka mbio.

"Nimechagua mimi," alisema sasa, akitoka nyuma ya pazia. "Yalikuwa mawili."

Mama yake alikimbilia kompyuta, akaguna. "La juu ni la zamani! Ufunguo wake uliondoka na kompyuta yako ya kwanza iliyoibiwa."

"Kwa hiyo mwizi ndiye wa kusoma ugonjwa wa mwanangu?"

"Ulibadili nywila ya barua pepe?"

"Siku ileile!"

"Basi mwizi haipati barua hiyo."

"Shukuru Mungu! Na wewe, mtu mzima, unampa mtoto siri za watu?"

Mama yake Chapuchapu aliigeukia kompyuta. Alilifuta kufuli la zamani, akasoma kwa sauti alama za utambulisho za lile jipya. Mama Pacha akazilinganisha na za kufuli lake kwenye simu. Zilifanana. Barua ikatumwa upya, ikafunguka, ikapelekwa kwa daktari. Jibu halikukawia: upasuaji uko palepale.

Mama Pacha akamgeukia Chapuchapu, bado amekunja uso. "Kukosea kubonyeza ni kosa dogo. Lakini ulituacha tutukanane, nawe unajua! Usipojua, uliza. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipia."

"Nisamehe, Mama Pacha."

"Umeshamsema, na mimi umenisema," mama yake alidakia, akisogeza viti mezani. "Chakula kinapoa. Ingia ule. Matusi yako sijayasamehe, lakini ingia."