Uzi Wenye Mafundo

Jumamosi hiyo duka la vipuri lilifurika. Huyu anataka plagi, yule anarudisha fenibelti aliyouziwa fupi, wa tatu anaapa kwamba ndiye aliyetangulia. Nyuma ya kaunta alisimama binti mwenye gauni la samawati na mkanda mweupe kiunoni, kalamu kaichomeka nyweleni. Mafundi walimwita Bei Moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshusha bei, na wengi walijaribu, tena kwa maneno matamu.

Siku hiyo, hata alipokuwa akiwahudumia, jicho lake lilikuwa kwenye rafu ya zana. Kijana mrefu mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapauka alikuwa ameinamia pula, kile chuma chenye miguu mitatu cha kung'olea beringi, akikizungushia uzi. Akipima mahali, anapiga fundo. Akipima pengine, fundo jingine. Hakuwa na haraka wala haya.

Duka lilipopungua watu, Bei Moja alimwendea.

"Kaka, hapa ni dukani, si maktaba."

"Nasoma kidogo tu, dada. Wanaonunua ni wasiojua kusoma."

"Na huo uzi?"

"Macho yanasahau. Uzi ukishapigwa fundo hausahau."

Alipaswa kumfukuza, maana tajiri wa duka hakuwataka watu wa namna hiyo. Badala yake alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Wiki iliyofuata kijana alirudi na pula lake mwenyewe kalifunga kwa kitambaa, amekuja kulilinganisha na ndugu yake wa rafuni. Miguu aliikata kutoka springi bapa ya lori, skrubu aliing'oa kwenye jeki mbovu. Lilikuwa baya kwa sura, jeusi, na makovu ya kuchomelea kila mahali, lakini kingo zote zilipigwa tupa mpaka zikawa laini. Bei Moja aliuliza kwa nini ahangaike kulainisha kitu cha kushindia kwenye grisi. Akajibiwa kwamba kitu cha kushikwa na mkono wa mtu hakifai kumng'ata.

"Usione vyaelea, dada, vimeundwa," kijana akaongeza. Lakini wakati huo hakuwa akilitazama pula.

Ndipo Bei Moja alipotambua kwamba huyu ndiye Kiwanda, ambaye kaka yake hakuacha kumsimulia mezani. Kaka huyo, aliyeilisha nyumba yao tangu baba alipofariki, alikuwa fundi katika gereji moja na Kiwanda. Alipenda kusema kwamba pale kwao kuna mtu akikosa spana haendi dukani, anakwenda kwenye lundo la vyuma chakavu, na jioni spana ipo.

Mambo ya mapenzi hayahitaji kusimuliwa sana, aliyependa anayajua. Simu zilianza kwa umekula, nimekula, na wewe je, zikaendelea mpaka salio likawaaga wao kabla hawajaagana.

"Bei Moja."

"Abee, Kiwanda."

"Leo nimetengeneza kifaa kipya."

"Cha gari gani?"

"Cha gari moja tu. Lina bodi la samawati, na halipunguzi bei."

Kifaa chenyewe kilikuwa bomba jepesi lenye koleo mbele, na nyuma mpini wa breki ya baiskeli. Ukiubana mpini, koleo inafumba. Kiwanda alikuwa amemwona akipanda stuli kutoa makopo ya rafu ya juu, akaumia roho. Alikikata kwa kimo cha Bei Moja na mkono wake, hata mwenzake wa kaunta alipokijaribu alidondosha vichujio vya mafuta. Kiwanda aliposimuliwa alifurahi. Alisema kifaa cha kutengeneza humjua mwenyewe.

Maneno hayo Bei Moja aliyakumbuka kwa hofu mchana mmoja alipompelekea kaka yake chakula gereji. Alimkuta Kiwanda anabana springi ya shokapu kwa kibanio alichojiundia, skrubu mbili ndefu zenye makucha. Watu wengine wangeona kazi safi. Yeye aliwauzia mafundi vipuri kila siku, na alikwisha kuona nyuso zilizokutana na springi iliyochomoka. Chuma kile kimeshinikizwa kwa nguvu za gari zima, na kikiponyoka hakichagui. Alimvuta kando akamwambia kibanio kile kinamwogopesha.

"Hiki ni cha magari madogo tu, mpenzi. Nakijua. Kikielemewa kinalia, mimi nakisikia."

"Wewe unakisikia. Na mwingine je?"

Kiwanda alicheka, akambusu kwenye paji la uso, na swali likabaki palepale bila mwenyewe.

Basi Bei Moja akajinyima, akanunua kibanio cha dukani, kile chenye makucha manne na kufuli ya usalama, ndani ya boksi jekundu. Alimkabidhi mbele ya mafundi wote, naye Kiwanda akakosa pa kuweka mikono.

"Utakitumia?"

"Nitakitumia."

"Niahidi."

"Nakuahidi, roho yangu."

Simu ya balaa ilimkuta kaunta. Kaka yake yuko hospitali. Aliondoka na aproni ya duka mwilini, akakimbia bila kukumbuka kwamba kuna magari ya abiria. Kwenye korido alimkuta Kiwanda benchini, ovaroli imelowa damu isiyo yake. Springi ilikuwa imeponyoka ikambana kaka mkono wa kulia dhidi ya chuma, na madaktari wameshaondoa vidole viwili, cha kati na cha pete.

"Kilikuwa kibanio kipi?" Bei Moja akauliza.

"Changu."

"Changu kipi? Hata nilichokupa ni chako."

Kiwanda aliinamisha kichwa. "Nilichotengeneza."

Kesho yake alikwenda gereji kuchukua nguo za kaka. Ukutani, juu ya jiliwa la Kiwanda la kubania vyuma, lilitundikwa boksi jekundu kwenye misumari miwili. Lilikuwa safi kama lilivyotoka dukani. Nailoni yake haikuwa imeguswa. Alisimama akaliangalia mpaka mafundi wengine wakaacha kugonga, kisha akatoka nje akapiga simu.

"Hata nailoni hukuitoa."

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Uliniahidi mbele ya watu. Kumbe ulipenda chuma chako kuliko neno lako. Sasa kaka yangu hana vidole. Una la kusema?"

"Sina."

"Basi na mimi sina. Usinipigie tena."

Mtu aliyeweza kutengeneza kifaa cha kila nati alikosa hata neno moja la kumshikilia mwanamke aliyempenda. Na kosa la Bei Moja lilikuwa lingine: aliposema usinipigie, alitaka atiiwe siku chache. Alitiiwa kabisa. Simu ililala mezani kama jiwe, na kila ilipolia alikuwa shangazi.

Nyumbani hali ilikuwa nzito. Mama aliacha kulitaja jina la Kiwanda, akawa anasema yule. Mara moja tu alisema, huku anapepeta mchele, kwamba nyumba hii imekula kwa mkono ule. Kaka alishinda kitandani kageukia ukuta. Alikuwa mtu wa mizaha, sasa ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Mfuko wa unga ulipoachwa mlangoni bila jina, mama aliujua ulikotoka, akaamuru urudishwe. Dukani Bei Moja alilificha bomba lake nyuma ya mlango, akarudia kupanda stuli. Siku moja aliteleza akaumia goti, akalia kupita kiasi cha goti.

Wiki zikapita. Asubuhi moja alimkuta kaka akipigana na kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Akamsogelea amfunge, na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa, ukamwagika. Alisema haya yote ni kiburi cha yule mtu, aliyepewa kitu cha usalama akakitupa ukutani.

"Hakukitupa," kaka akasema.

"Nimekiona kwa macho yangu."

"Umeona boksi. Hukuona alivyokuwa analifuta. Kila asubuhi, kabla hajagusa grisi, ananawa, anachukua kitambaa kisafi, analifuta vumbi. Tulikuwa tunamcheka, tunaliita bibi harusi. Alisema atakitumia siku akipata kazi inayostahili, hataki kukipaka uchafu."

Mikono ya Bei Moja ilisimama kwenye kifungo.

"Siku ile yeye alikuwa katoka, alirudi kunibeba tu," kaka akaendelea. "Mimi nikanyoosha mkono nikitoe kwenye boksi. Wenzangu wakapiga kelele, usimguse bibi harusi wa watu. Tukacheka. Nikachukua kile kingine. Lilikuwa gari kubwa la mizigo, dada. Na aliniambia, tena si mara moja, kile ni cha magari madogo. Kililia. Nilikisikia kinalia, nikaongeza kukaza."

"Mbona umekaa kimya siku zote hizi?"

"Mama alipopata wa kumlaumu, nilipumua. Na yeye alipoulizwa hakujitetea." Kaka alikiangalia kitambaa cha mkononi. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimwacha aubebe."

Bei Moja hakujua amkumbatie au amzabe kofi. Alimalizia kifungo. Kaka alisema yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mama, na jioni alimwambia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kufunika vyombo ambavyo vilikwisha kufunikwa.

Siku iliyofuata Bei Moja aliomba ruhusa dukani, akaenda gereji kavaa gauni lile la samawati. Alijiambia halikuwa na maana yoyote, ndilo lililokuwa limepigwa pasi. Kiwanda alikuwa kachutama kando ya gari, amekonda, anabana springi. Mkononi alikuwa na kibanio cha boksi jekundu. Kimejaa grisi, rangi imechubuka, na kucha moja ina mkwaruzo mrefu. Alipomwona alikishusha polepole.

"Nimekichafua," akasema.

"Nimeona."

"Nilikitoa jioni ileile uliyonipigia simu. Nilichelewa."

"Kaka ameniambia yote. Kwa nini wewe hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikipenda mno hata nikakiacha kikae? Kaka yako angeota vidole? Ahadi niliivunja. Niliivunja kwa mapenzi, lakini niliivunja. Na kile kingine kilikuwa kazi ya mikono yangu, nimekiacha wazi kila mtu akichukue."

Machozi yalimtoka Bei Moja bila kuomba ruhusa. "Nilikupa kitu kikulinde, Kiwanda. Ukakilinda wewe."

Alimpenda, na bado alikuwa na hasira naye, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Hakusogea. Macho yake yalitafuta pa kupumzikia, yakaangukia jiliwa. Hapo palibanwa spana ya ajabu, mpini wake mnene umepindwa, una kitanzi cha ngozi. Kando yake kulikuwa na tambara lililofungwafungwa. Aliuliza ni ya nini. Kiwanda, kwa aibu, alieleza kwamba kila jioni hujifunga kwa tambara vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, kisha anajaribu kufungua nati, ajue nguvu itokee wapi. Lakini amekwama. Vidole vilivyofungwa si sawa na vidole visivyokuwepo, na mkono si wake. Kwenda kuupima hakuthubutu, maana hata unga wake ulirudishwa.

Bei Moja alinyoosha kiganja. "Nipe uzi."

Alirudi mchana wa siku ya pili. Kiwanda aliuona uzi kabla ya kumwona yeye, akanawa mikono kwanza, akaifuta, ndipo akaupokea. Aliunyoosha juu ya jiliwa. Fundo la dole gumba. Fundo la kidole cha shahada. Kisha pengo refu, uzi mtupu, na mwisho fundo la kidole cha mwisho. Kwenye pengo lile kidole chake kilisimama, na mabega yakaanza kutikisika. Bei Moja alimwacha alie. Kuna vilio visivyofaa kubembelezwa mapema.

"Atarudi kazini," Bei Moja alisema baadaye. "Amesema mwenyewe. Ila hatashika springi tena, na usimlazimishe."

"Sitamlazimisha. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Utarudi?"

Alijikausha macho kwa mkanda wa gauni. "Nitarudi. Na ukija kwetu na pete, uwe umeinunua. Hiyo usiitengeneze. Na mimi sitaiweka kwenye boksi, nitafulia nayo, nitapikia nayo, ichubuke."

Kiwanda alitaka kucheka, akashindwa. Alisema kwao hawezi kuja, mama hataki hata kulisikia jina lake. Bei Moja akakubali kwamba jina bado hajalitaja.

Kiwanda akarudi kwenye uzi, akaupitisha vidoleni. Mafundo yalikuwa yamekaa vizuri, uzi ulivutwa ukanyooka, haukulegea popote. Chuma hutulia kikapimwa na mmoja, mkono wa mtu hautulii, alilijua hilo vizuri: mmoja lazima ashike ncha, mwingine apige fundo. Na kaka alikuwa ameutandaza mkono unaopimwa, na wa kushoto bado hajauzoea.

"Nani alikushikia ncha ya pili?" akauliza.

"Mama," akasema Bei Moja.