Gome la Makoongwe

Panya sita walionyweshwa maji ya gome hawakuvimba hata kidogo. Kauthar alikuwa amewachoma miguuni sindano ya ute wa mwani unaovimbisha, kama wanavyochomwa panya wanaojaribiwa dawa za uvimbe. Wenzao sita waliopewa maji matupu walivimba kama kawaida. Kwa kuwa hajapata kuona dawa inayozuia uvimbe wote, Kauthar alijua amekosea mahali. Akaanza upya, kaudhika.

Mara ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile, na maabara yao ndogo ya Tibirinzi ikanuka udi saa nane mchana, wala hakuna aliyefukiza. Alimkaripia Mmanga, fundi aliyekuwa akiwashika panya, kwamba anachanganya vizimba. Mmanga alivua kiatu polepole. Mguu wake ulikuwa umevimba ukang'aa.

"Kila tukijaribu, Bi Kauthar," alinong'ona. "Hospitali hawaoni kitu."

Kauthar alitaka kumwambia aache upuuzi, lakini nyuma ya vizimba ilisikika pumzi ya mtu mzima ikivutwa taratibu, na panya wote wakageuka pamoja kuutazama ukuta mtupu, na udi ukazidi kunuka mpaka macho yakamtoka machozi, akajikuta amemkamata Mmanga mkono wanakokotana kwenda mlangoni.

Shangazi yake Mmanga, Bi Mwanawema, alikuwa mganga. Alifukiza, akasoma, mpaka jinni akapanda na kusema kwa kinywa chake. Alisema Kauthar alilibandua gome kwenye mti wake kule Makoongwe bila ya kuomba.

"Dawa ni ya kweli," alisema jinni. "Ila uvimbe siuondoi. Nauhamishia kwa aliye karibu."

Kauthar alilia kwa hasira. Miaka miwili ya kazi, na dawa anayo mkononi, haina faida. Hata hivyo alivuka kwenda Makoongwe, akalirudisha gome, akaomba radhi. Siku ya tatu mguu wa Mmanga ulinywea.

Ndipo alipompigia simu msimamizi wake, Daktari Talib, kumwambia utafiti umekwisha. Daktari alicheka. Alikuwa amechukua chupa moja ya maji yale kwa ajili ya magoti ya mama yake yaliyovimba, akampa jana, na leo mama katembea bila ya mkongojo.

Kauthar aliuliza upesi: "Nani mwengine yumo humo ndani, Daktari?"

"Suhaila tu, mke wangu. Kalala, miguu imemvimba. Mimba hiyo."

"Ana mimba?"

"Ya miezi saba. Ila tangu jana mtoto hachezi."